Kitoweo Hakihesabiwi

Sentensi yenyewe ilikuwa ukurasa wa tatu, na mwenyekiti wa kamati ya ufuo aliisoma kwa sauti ile ile anayotumia kutangaza mazishi: "Wanawake wameanza kuingia mwambani katika miaka ya karibuni, na tangu hapo makome yamepungua kwa kasi." Akalamba kidole, akafunua ukurasa wa nne. Wenzangu wote wakafunua naye. Mimi nilibaki ukurasa wa tatu, damu imenipanda kichwani.

Kwa asiyetujua, huku kwetu upande wa Msambweni, bamvua likifika maji hupwa mpaka mwamba ukabaki wazi kama uwanja. Wanawake hushuka kwa miguu, ndoo mkono mmoja na chuma mkono wa pili, wakaokota makome, yaani konokono wa bahari, wakabandua chaza, wakachokoa pweza matunduni. Mama yangu alishuka. Bibi yangu alishuka, naye alifundishwa na mamake. Mimi nimejua majina ya mawe ya mwambani kabla sijajua majina ya madarasa. Sasa karatasi inasema tumeanza juzi.

Ingekuwa ni maneno tu ningeyameza, maana nimeshameza mengi katika kamati hii, ambamo mimi ni katibu wa akina mama na kazi yangu kubwa ni kuambiwa nikae kidogo, zamu yangu inakuja. Lakini nyuma ya ripoti kulikuwa na pendekezo: sehemu kubwa ya mwamba ifungwe kwa watembea kwa miguu, moja kwa moja. Watembea kwa miguu ni sisi. Wenye vyombo wangepita juu, na zile boti zenye kioo tumboni, zinazoleta wageni kutoka Diani, zingeendelea kuelea hapo hapo kwa sababu hazikanyagi kitu. Kamati ilipewa mpaka kikao kijacho iseme ndiyo au la.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mama. Mama amefika umri ambao magoti hayamruhusu tena kwenda mbali na baraza la nyumba yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamsomea ile sentensi. Akataka niirudie.

"Nimeanza juzi?" akauliza.

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Na magoti haya nimeyamaliza wapi? Sokoni?"

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aligeuza uso upande wa bahari, na chakula cha mchana hakukigusa. Baadaye, nilipokuwa naondoa sahani, akasema polepole kwamba basi atazikwa kama mtu aliyeingia shamba la watu akavunja mahindi. Sijawahi kumsikia mama akisema neno kama hilo. Yeye aliyelea watoto saba kwa mwamba ule, aondoke duniani na jina la mharibifu.

Nilimwambia asihangaike, kwa kuwa dawa ya karatasi ni karatasi, na karatasi ninazo. Hapo nieleze jambo. Kabla sijaolewa nilikuwa karani wa banda la samaki kwa miaka sita. Nilikuwa msichana wa kwanza kijijini kukabidhiwa ufunguo wa banda, na sababu haikuwa nyingine ila mwandiko wangu. Kila kilichopandishwa ufuoni kiliingia katika kitabu kikubwa chenye jalada gumu la kijani. Vitabu vile vikipatikana, nilijiambia, ripoti yote itakuwa ya kufungia maandazi. Nilikuwa na hakika ya mtu anayekwenda kuchukua nguo zake kwa dobi.

Aliyeandika ripoti nilimjua. Alikuwa msichana wa bara, msomi wa viumbe vya bahari, amepanga chumba Ukunda na Jumapili hakosi kanisani. Ningependa kumchukia, lakini alikuwa na adabu nyingi mno, na hilo nalo liliniudhi. Nilimpigia simu, akakiri kwamba hesabu zake za zamani alizipata ofisi ya uvuvi, Kwale, zikiwa tayari kwenye kompyuta. Mtu mwingine, zamani, alizinakili kutoka vitabuni. Vitabu vyenyewe hakuwahi kuviona.

"Lakini ningependa sana kuziona, mathe," akasema. "Ukizipata niite tu, nitakuja."

Nikaanza kuvitafuta. Nilipanda Kwale mara ya kwanza, nikaambiwa mhusika yuko mafunzoni. Mara ya pili nikamkuta, akataka barua. Mara ya tatu nikaenda na barua, akaigeuza nyuma na mbele na kusema haina muhuri wa kamati. Muhuri huwa mfukoni mwa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa Jego kwenye msiba. Nilimuuliza yule bwana muhuri nao umefiwa na nani. Hakupenda. Nilipompata mwenyekiti na muhuri wake, nikapanda tena Kwale, wakaniambia vitabu vya zamani vyote vilipelekwa Tiwi. Tiwi nikamkuta mzee mmoja anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja, kisha akasema: "Vile? Vile vilirudishwa kwenu zamani, mwanangu. Kila banda lilirudishiwa vyake."

Banda liko hatua chache kutoka nyumbani kwangu. Vitabu vilikuwa darini humo humo, chini ya nyavu zilizooza na friji iliyokufa. Kila siku ya safari zangu nilipita chini yake kwenda kupanda gari. Sikumwambia mtu yeyote maneno niliyoyasema siku hiyo, na hapa pia siyaandiki.

Mchwa walikuwa wamekula vitabu vya kabla yangu na vya baada yangu. Vyangu havikuguswa. Nilivifuta vumbi kwa leso yangu mwenyewe, nikasema alhamdulillahi, kumbe hata mchwa wanajua heshima. Nikamwita msichana wa bara.

Alikuja asubuhi ya siku ya pili. Tuliketi kwenye meza ya banda, nyuma yetu wanaume wawili wanashona nyavu na kujifanya hawasikilizi. Nikafungua kitabu cha kwanza kwa madaha, nakiri. Mwandiko wangu wa ujana ulikuwa pale, umelala vizuri kwenye mistari. Tarehe, chombo, mwenye chombo, kisha samaki: changu, tafi, kolekole. Halafu, mwisho kabisa wa ukurasa, safu ambayo mimi nilikuwa nimekuja kwa ajili yake: makome, pweza na wengineo, kwa miguu.

Katika safu hiyo palikuwa na mstari mfupi mwekundu. Siku ya pili, mstari. Siku ya tatu, mstari. Msichana akafunua mwezi mzima, kisha mwaka, kisha akachukua kitabu cha pili. Mistari ilishuka ukurasa baada ya ukurasa, yote ya rula, yote urefu mmoja.

"Hii ndio waliingiza kwa kompyuta kama sifuri," akasema. "Si mimi niliamua, mathe. Dashi ni sifuri." Akapitisha kidole juu ya ukurasa. "Lakini huyu karani alikuwa makini. Ona, hakuna hata moja imepinda. Karani wa siku hizi anaandika kila kitu, lakini mwandiko wake ni kama kuku amepita."

Karani wa siku hizi anaandika kila kitu. Ndipo nikaelewa ripoti yote. Miaka yangu na ya makarani wenzangu, wanawake hawakuandikwa, kwa hivyo hawakuwapo. Alipokuja karani wa sasa akaanza kuwaandika, wakawa wameingia mwambani siku hiyo. Na kwa kuwa makome yalikuwa yanazidi kupungua, mwenye kusoma namba atasema nini? Atasema wameingia, wamemaliza.

Nilisema wakati wa adhuhuri umefika, nikaondoka. Sikumwambia karani yule ni nani.

Mtu wa mbali atauliza nilikuwa na kichaa gani. Sikuwa na kichaa. Kwetu, anachopandisha mwanamke kwa miguu si samaki, ni kitoweo, na kitoweo hakihesabiwi. Kitoweo hakipiti bandani, kwenye mizani na macho ya wanaume. Kinapita njia ya nyuma, kwenye mikoko, kinaingia jikoni. Ukikutana na mwanamke, ndoo imemlemea kichwani, ukamuuliza amepata mangapi, atakujibu "kimepatikana kitoweo, alhamdulillahi," na kuanzia siku hiyo ataogopa macho yako. Anayehesabu anaiambia bahari kwamba imeshatosha.

Wiki yangu ya kwanza kazini, nikiwa na ufunguo shingoni, nilimwambia mama mbele ya watu apitishe ndoo yake kwenye mizani. Alinitazama juu mpaka chini. "Na mchuzi wake nikuletee upime?" akasema. Banda zima lilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kicheko kile nilikisikia mpaka kwenye ncha za masikio. Sikumuuliza tena, wala yeye wala mwanamke mwingine yeyote. Lakini safu ilikuwapo kitabuni, na bwana samaki wa serikali aliyekuja kukagua hakupenda nafasi tupu. Alisema nafasi tupu ni dalili ya karani mvivu. Basi kila jioni nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikapiga mstari wangu. Kichwani mwangu ulikuwa na maana ya "hawakupita hapa". Bwana samaki alinisifu kwa usafi. Kisha nilifunga banda, nikaenda nyumbani, nikala makome ya nazi. Miaka sita nilikula ushahidi nikanawa mikono.

Siku ile niliporudi kutoka bandani nilimwendea mama kwa hasira, maana hasira ya kujikasirikia ni nzito, mtu hutafuta wa kumtwika.

"Kwa nini hukukubali nikuandike?"

"Uliniuliza siku moja," akasema mama. "Siku moja katika miaka sita."

"Ulinicheka mbele za watu."

"Nilikucheka kwa kuwa ulikuja na sauti ya mkuu wa wilaya. Ungekuja jikoni na sauti ya mwanangu, nani ajuaye." Kisha akaniuliza kitu ambacho tangu asubuhi nilikuwa nakikimbia. "Maganda yangu yako wapi?"

Nyuma ya jiko la zamani kulikuwa na jaa la maganda. Bibi alilianza au alilikuta, sijui. Kila yaliyopikwa, maganda yake yalitupwa pale, mpaka likawa kilima ambacho sisi watoto tulikiteremkia kwa makalio. Mimi nililichukia jaa lile. Lilinuka, lilikata miguu, na wageni waliliona. Nilipomjengea mama nyumba ya mawe, fundi alihitaji kifusi cha kujazia baraza, nikamwambia achukue lile jaa lote asibakishe hata moja. Mama hakusema nami siku tatu. Nilidhani amechoka na vumbi la ujenzi.

Sasa alikuwa amelikalia. Kiti chake, mkeka wake, birika lake la udhu, vyote vilikuwa juu ya maganda yake mwenyewe, na saruji yangu laini katikati.

"Vunja," akasema.

"Mama, baraza hili..."

"Baraza ni lako. Maganda ni yangu."

Nilimpigia simu msichana wa bara. Nilimwambia aje, na kabla hajauliza kitu nikamwambia karani yule ni mimi.

"Ni wewe, mathe? Na uliandika safi hivyo?"

"Nilipiga mistari safi," nikamwambia. "Kuandika ni kitu kingine."

Tindo na nyundo nilishika mwenyewe, nimejifunga leso kiunoni. Ile saruji fundi aliipika vizuri, laana ya Mungu, nimepiga mpaka mikono ikafa ganzi. Chini yake mchanga, chini ya mchanga udongo mwekundu, na chini ya udongo yakaanza kutoka. Msichana alichukua la kwanza akalipangusa, akaliweka kiganjani. Lilijaza kiganja chote. Yale tunayookota siku hizi yanakaa kwenye kidole gumba. Akachukua jingine, na jingine, akaona kitu ambacho sisi hatukuona haja ya kumwambia: kila ganda lilikuwa na tundu moja mgongoni, mahali pale pale. Hapo ndipo mwanamke anapogonga kwa jiwe ili nyama iachie. Wimbi halina shabaha hiyo.

Nikadhani tumemaliza. Lakini msomi ni msomi. Alichungulia shimo akatikisa kichwa. "Shida ni fundi aliyachanganya na koleo, mathe. Kama jaa lingekaa vile lilikuwa, ya chini ni ya zamani, ya juu ni ya juzi. Sasa siwezi kujua ipi ni ya lini."

Nilitaka kumpiga mtu, na aliyekuwa karibu ni mimi. Nilikaa chini kwenye vifusi. Mama alikuwa ndani mlangoni, anatutazama. Msichana akasogea pembeni apumzike, akaketi kwenye pembe ya baraza ambayo hatukuivunja, kisha akainuka haraka kama aliyekalia upupu.

"Hii tarehe nani aliandika?"

Fundi. Saruji ilipokuwa mbichi, fundi alichukua msumari akachora pembeni tarehe, mwezi na mwaka. Nilimkemea mpaka majirani wakatoka nje, kwamba ameniharibia baraza jipya kwa ujinga wake. Alijibu tu kwamba ndio utaratibu wa mafundi, mama, kazi lazima iwe na siku yake. Sasa msichana alikuwa amepiga magoti anaipiga picha ile tarehe, anacheka peke yake. Yote yaliyo chini ya saruji, akasema, ni ya kabla ya siku ile. Na siku ile ilikuwa miaka mingi kabla ya ile "karibuni" ya ukurasa wa tatu. Nasikia fundi yule siku hizi yuko Taru, anajengea watu vibanda vya barabarani. Sijamtafuta kumwomba radhi, nami najua ninapaswa.

Kazi ya kupima ilileta vita vyake. Mama aliruhusu kila ganda lipimwe upana na urefu. Kuhesabu alikataa. Msichana alimweleza kwa upole kwamba vipimo bila idadi havisaidii, mama akamjibu kwa upole zaidi kwamba yeye hakumwomba msaada. Mwisho tuliyapanga mkekani, rula pembeni, akapiga picha. Mama alikubali kwamba picha si kuhesabu.

Siku ya kikao nilikwenda na kitabu cha kijani na ndoo ya maganda. Zamu yangu ilipofika sikungoja kuambiwa nikae kidogo. Nilifungua kitabu, nikakizungusha waone. Nikasema mistari hii ni mkono wangu, na maana yake si kwamba hapakuwa na kitu. Maana yake ni kwamba sikuuliza.

"Kwa hivyo miaka yote ile ulikuwa unatuandikia uongo?" akauliza mwenyekiti.

"Nilikuwa napiga mstari," nikamjibu. "Uongo mmeusoma nyinyi." Lakini nikaongeza kwamba kosa ni langu pia, na aliyedhulumiwa ni mama yangu.

Maganda yalizunguka mezani mkono kwa mkono. Wale wazee wa vyombo, wenye kujua kila kitu, waliyatia kidole kwenye tundu wakalitambua, kwa kuwa mama zao waligonga pale pale. Kisha msichana akasimama. Alisema ukurasa wa tatu umekosea na ataurekebisha. Angekaa hapo ningemwombea dua. Hakukaa. Aliongeza kwamba maganda yanaonyesha wanawake walikuwapo na makome yalikuwa makubwa, lakini hayasemi ni nani aliyeyamaliza, huenda ni wengi, huenda na sisi tumo. Nilimkodolea macho. Ukweli wake hauna breki.

Sentensi ilifutwa kwa kalamu mbele yetu. Ikakubaliwa kwamba mwamba ukipumzishwa utapumzishwa na wote, boti za kioo pamoja nazo, na wanawake watakuwa mezani kupanga miezi. Ni miezi mingapi bado tunagombana, vikao vitatu sasa. Lakini hakuna tena anayesema tumeanza juzi.

Lilibaki jambo moja. Mwenyekiti, ambaye hawezi kumaliza kikao bila kuongeza utaratibu, alisema kama maganda ni ushahidi lazima yaingie kitabuni, idadi na jina la aliyevua. Nilirudi nyumbani baada ya alasiri miguu mizito. Mama alikuwa kitini kando ya shimo, maganda yake mkekani.

Nilichuchumaa mbele yake. Safari hii nilitumia sauti ya mwanawe. Nikamwambia wanataka idadi, na kama hataki nitarudi niwaambie hataki, wala sitapiga mstari.

Akainama, magoti yakalia, akachukua ganda moja akalitia ndooni.

"Moja," akasema.

Nikafungua kitabu. Aliendelea polepole, moja moja, na mengine aliyashika kabla ya kuyaachia, akisema hili la bibi yako, hili la mwaka wa mvua ile. Nikaandika. Tulipofika katikati ya mkeka akanyoosha shingo kutazama ukurasa. Mama hakusoma sana, lakini safu anazijua.

"Hapo kwenye jina umeandika nini?"

Nilitazama. Mkono wangu, kwa mazoea yake, ulikuwa umeandika: wanawake, kwa miguu.

"Mimi sina jina?" akauliza.

Nikafuta. Nikaandika jina lake, la babake na la babu yake, yote matatu, kwa herufi kubwa, mpaka yakatoka nje ya safu.